Mnaonunua kahawa moja kwa moja kwa mkulima: pesa inamfikia mwezi gani?

Mwana wa Kibanja (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Nimezaliwa Kamachumu, Muleba, katikati ya migomba na mibuni. Sasa naishi Mwanza, nakaanga kahawa kwa kiwango kidogo na kuuzia ofisi na hoteli chache. Kahawa naitoa nyumbani, kwa kaya 22 ambazo nazijua mpaka mipaka ya vibanja vyao, yaani mashamba ya nyumbani, na mzigo wote unapita kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika. Naandika kwa sababu maneno "moja kwa moja kutoka kwa mkulima mdogo" yamekuwa mengi kwenye pakiti, za huku na za Ulaya, na wateja wanaongeza pesa kwa ajili ya maneno hayo. Ni haki yao kujua wanalipia nini.

Kwetu kahawa ni aina ya robusta. Mavuno yanaanza Mei, yanakolea Juni na Julai, mpaka Septemba yanaishia. Kwa hiyo Julai mkulima ana pesa, Januari hana. Na Januari ndiyo yenye sare, madaftari, michango na nauli ya mtoto wa bweni. Hapo ndipo anapoingia mtu wa butura.

Kwa wasioijua, butura ni kuuza kahawa ingali maua, au ingali mbichi mtini. Mnunuzi anaingia kibanjani, anainua tawi, anatazama, anakadiria: "Hapa yatatoka magunia mawili." Anatoa pesa taslimu palepale, kwa bei ambayo mara nyingi haifiki hata nusu ya bei ya msimu. Kahawa ikiiva, magunia ni yake. Yakipungua, deni linavuka mwaka. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wanaikemea msimu baada ya msimu, na bado ipo, kwa sababu mtu wa butura ana kitu kimoja ambacho ushirika hauna na mnunuzi wa Ulaya hana: anakuja Januari.

Shangazi yangu ni mjane, ana mibuni isiyofika mia tatu. Miaka kadhaa nyuma alikuja mnunuzi kutoka nje, sitamtaja. Alitaka kahawa iliyoiva tu, nyekundu, isiyokwanyuliwa tawi zima, ianikwe juu ya vichanja na siyo chini. Shangazi alifanya yote hayo. Nilikuwa nyumbani nikamsaidia kuchambua. Tulikaa kwenye mkeka, kila ganda jeusi au lililopasuka tukaliweka pembeni, na jioni tukafunika turubai kwa kuogopa umande. Kuna namna ya kujua kama ganda limekauka: unachota konzi moja, unatikisa karibu na sikio. Ganda lenye maji liko kimya. Lililokauka, punje inagonga ndani, kama njuga za mtoto. Shangazi alitikisa kahawa ya kila kichanja kabla ya kufunga gunia, maana hakutaka aibu mbele ya mgeni.

Bei waliyokubaliana ilikuwa juu ya ile ya mnada, sibishi. Nusu ililipwa siku ya mizani. Nusu ya pili ikasemwa italipwa mzigo ukishafika na kuuzwa. Agosti ikapita, Desemba ikapita. Pesa ilikuja mwezi wa tatu. Lakini Januari hiyo mtu wa butura alikuwa ameshafika na kuinua tawi, na shangazi alikuwa ameshapokea. Mavuno yaliyofuata hayakwenda kwa mgeni aliyeahidi bei nzuri, yalikwenda kwa butura. Mgeni alipofika akakuta hakuna kitu, akasema wakulima wa huku hawana uaminifu.

Nimelifikiria jambo hili sana. Mgeni hakuwa mwizi, alilipa alichoahidi. Ila alimfanya mjane wa Kamachumu amkopeshe miezi saba bila riba, na mkopo huo shangazi aliulipia kwa kahawa ya mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mtu akiniambia ananunua kwa haki, swali langu la kwanza ni mwezi gani pesa inafika. Bei naiuliza baadaye. Karibuni tujadili, hasa wenye uzoefu wa mikoa mingine.

Kihamba Juu

Mkuu, umenikumbusha nyumbani. Mimi ni wa Kibosho, huku ni arabika, na sisi tunamenya wenyewe kwa mashine ya mkono, tunaloweka, tunaosha, tunaanika, ndipo tunapeleka chamani. Babu yangu alikuwa mwanachama wa KNCU, ushirika wa Kilimanjaro ulioanza 1933, na kabla yake kulikuwa na chama cha wakulima wenyewe tangu 1925. Pesa ya kahawa ndiyo iliyosomesha ukoo wetu. Baada ya mwaka 1989, mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika na bei kuanguka, baba alianza kung'oa mibuni mmoja mmoja akapanda ndizi na nyanya. Siyo yeye peke yake.

Nataka kuongeza upande ambao hukuugusa. Wanunuzi wa moja kwa moja walipokuja kwetu walitaka daraja la juu tu, punje kubwa, zisizo na dosari. Wakachukua, wakalipa vizuri, wakaondoka. Kilichobaki chamani ni madaraja ya chini. Zamani kahawa yote ilichanganywa na wastani wa bei ukawa mmoja kwa wote. Sasa wachache wenye shamba zuri, wenye maji karibu na wenye vijana wa kuchuma, wanapata, na bibi kizee wa kihamba (kibanja cha kwetu) cha juu bei yake imeshuka kwa sababu kahawa nzuri imetoka kwenye chungu. Haki kwa nani hapo?

Mwana wa Kibanja

Mkuu Kihamba Juu, umegusa penyewe. Mimi naamua kununua mavuno yote ya kaya, siyo yaliyochaguliwa tu. Yaliyoiva vizuri nayakaanga kwa ajili ya hoteli kwa bei ya juu, mengine nachanganya kwa ajili ya ofisi. Faida yangu inapungua, lakini mkulima habaki na magunia ambayo hana pa kuyapeleka. Mnunuzi anayechagua yaliyo bora tu aseme hivyo wazi, na aseme mengine yamekwenda wapi.

Dada wa Hamburg

Habari zenu. Niko Ujerumani mwaka wa tisa, nanunua kahawa ya Tanzania kila nikiiona, hata ikiwa ghali, kwa sababu najua nimetoka wapi. Leo mmenikosesha raha. Kwenye pakiti niliyonayo jikoni pameandikwa kiasi walicholipa "kwa kilo" na kwamba ni zaidi ya bei ya soko. Nimeamini miaka yote. Mimi mnywaji wa mwisho nifanye nini? Na hili la sheria ya Umoja wa Ulaya ya misitu, wakulima wetu wadogo litawaacha?

Mwana wa Kibanja

Dada, usikose raha, umeuliza vizuri. Anza na swali moja: kilo ya nini?

Kwetu robusta inauzwa ikiwa na ganda lake kavu. Kilo 2 za maganda, kwa makadirio, zinatoa kilo 1 ya kahawa safi baada ya kukobolewa. Kahawa safi ikikaangwa inapoteza kama moja ya sita ya uzito. Yaani kilo 100 alizobeba shangazi kichwani kwa safari kadhaa zinafika kwako kama kilo 42 hivi. Kwa arabika ni mbali zaidi: unahitaji kama kilo 6 za matunda mabivu kupata kilo 1 ya kahawa safi. Sasa mtu akiandika "tulilipa kiasi hiki kwa kilo", inawezekana ni kilo ya kahawa safi ikiwa imeshapanda meli, ambayo ndani yake mna ukoboaji, magunia, usafiri hadi bandarini, ushuru wa halmashauri, makato ya chama na faida ya msafirishaji. Hajadanganya, ila hiyo siyo pesa iliyoingia mkononi mwa mkulima. Muandikie barua pepe, muulize: kwa kilo 1 ya maganda au ya matunda, mkulima alitia mfukoni shilingi ngapi, na tarehe gani. Mwenye majibu atakujibu siku hiyohiyo.

Kuhusu sheria ya misitu ya 2023, inayozuia kahawa iliyolimwa palipokatwa msitu isiingie Ulaya, utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Inadai kahawa iwe na alama ya mahali ilipolimwa, na shamba lisilozidi hekta 4 linatosheka na nukta moja ya ramani. Kibanja cha kwetu huwa hakifiki hata hekta moja, na hakuna msitu uliokatwa pale, migomba ni ya mababu. Kwa hiyo tatizo ni gharama ya kuwatembelea wakulima maelfu na kuwaandikisha. Mnunuzi mkubwa akigharimia zoezi hilo, mara nyingi orodha inabaki kwake, na chama kikitaka kuuza kwingine kinaanza upya. Mimi naomba kila chama kidai nakala ya ramani zake. Hilo ni jambo dogo kulisema leo, kubwa sana kulikosa kesho.

Katibu Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Nilikuwa katibu wa chama cha msingi huko huko Kagera kwa miaka kumi na moja, nina la kusema kutetea vyama, maana vinatukanwa sana.

Ni kweli tunachelewesha. Tunalipa malipo ya awali, halafu ya pili, halafu majaliwa, yaani nyongeza ya mwisho, kama yapo. Lakini chama kinapokea kahawa ya kila mtu, nzuri na mbaya, kina mizani iliyokaguliwa, kinatoa stakabadhi. Mtu wa butura anapima kwa debe analokuja nalo mwenyewe, na debe hilo limegongwa kutoka ndani litanuke, tena limeongezewa mdomo. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Pia mjue kuhusu Fairtrade, ule mfumo wa kimataifa wa biashara ya haki, kwa vyama vilivyosajiliwa. Agosti 2023 bei ya chini ya robusta iliyokaushwa na ganda ilipandishwa hadi dola 1.20 kwa ratili ya kahawa safi, kutoka 1.01, na ya arabika iliyooshwa hadi dola 1.80 kutoka 1.40. Juu yake kuna senti 20 kwa ratili, ambazo mkutano mkuu wa wanachama ndio unaoamua zifanye nini. Soko likiwa juu ya kiwango hicho, inafuatwa bei ya soko. Ila kuna kipengele ambacho wengi hawakijui, na kinahusu mada hii hasa: chama kikiomba, mnunuzi anatakiwa kukisaidia kupata hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba kabla ya kupokea mzigo. Sisi tulikuwa tunaona aya hiyo, tukasema haituhusu. Laiti tungeomba kila mwaka.

Mwana wa Kibanja

Katibu, shikamoo. Asante kwa uungwana wa kusema hilo la mwisho. Tatizo ninaloliona ni kwamba mikataba mingi inasainiwa kahawa ikiwa imeshavunwa, kwa hiyo hata asilimia 60 inakuja Julai au baadaye. Mkataba ungesainiwa Desemba au Januari, fedha hiyo ingekutana na butura mlangoni.

Mtu wa Mutukula

Mimi nitasema wazi kwamba nimewahi kufanya biashara hii mnayoilaani. Msitufanye mashetani wote. Mkulima ananiita mwenyewe, usiku, mtoto ana homa, hospitali inataka pesa. Benki haimjui. Chama kimefungwa mpaka msimu. Natoa pesa yangu, mvua isiponyesha vizuri nakosa. Kwani hatari hiyo anaibeba nani? Na kahawa ikivushwa kwenda Uganda ni kwa sababu kule analipwa siku hiyohiyo. Mkitaka tuondoke, leteni pesa. Polisi wameletwa miaka yote.

Mwana wa Kibanja

Ndugu, nakushukuru kwa kusema, na sehemu kubwa ya maneno yako nakubali. Mtoto mwenye homa hasubiri mnada. Ninachokataa ni bei ya hatari hiyo. Tuchukulie umetoa shilingi 100,000 Januari, na Julai umechukua kahawa ya shilingi 250,000. Hiyo ni zaidi ya mara mbili kwa miezi sita, na mvua ikikataa deni linabaki kwa mkulima. Sasa hatari uliyobeba wewe ni ipi?

Nieleze ninavyofanya mimi, mnikosoe. Februari tunakaa na kila kaya kibanjani, tunakadiria mavuno pamoja, makadirio yanaandikwa kwenye daftari mbili, moja inabaki kwake. Natoa theluthi ya thamani. Mavuno yakipungua kwa mvua au ugonjwa, pengo tunagawana nusu kwa nusu, na nusu ya mkulima haizai riba yoyote. Siku ya mizani ya chama namalizia yote. Hakuna nusu ya baadaye.

Fedha ya Februari sikuwa nayo mwanzoni. Niliwaendea wateja wangu, hoteli mbili na ofisi nne, nikawaomba walipie Januari kahawa ya miezi mitatu ya mbele. Nilitegemea wanifukuze. Wanne kati ya sita walikubali baada ya kuwaeleza butura. Dada wa Hamburg, hilo ndilo jibu kamili la swali lako: mtafute muuzaji anayekubali umlipe Januari kwa kahawa ya Septemba, na anayeweza kukuonyesha kwamba pesa hiyo ilivuka bahari.

Nilikosea pia. Mwaka 2024 robusta ilipanda kuliko nilivyowahi kuona, soko la London likavuka dola 5,000 kwa tani, hasa kwa sababu ya ukame wa Vietnam, inayoongoza kwa robusta duniani. Mimi nilikuwa nimeandika bei moja tangu Februari. Ilipofika Juni, bei yangu "ya haki" ilikuwa chini ya kila mtu. Kaya tano ziliuza kwingine na sikuwalaumu. Waliobaki niliwafuata, tukakaa kwenye ukumbi wa chama kuanzia asubuhi hadi saa tisa, nikalipa bei ya mnada wa wiki ile. Faida ya mwaka ikaisha yote. Tangu hapo mkataba unasema: bei ya chini ni hii, na mnada ukiwa juu wiki ya kupima, tunafuata mnada. Wanne kati ya watano wamerudi.

Baba Wanjiru

Hamjambo ndugu zetu. Mimi niko Nyeri. Hapa mkulima hupeleka matunda kiwandani kwa chama siku ileile anapochuma, hupimwa na kuandikiwa, kisha husubiri. Miaka ya nyuma tulikuwa tunangoja karibu mwaka mzima, na pesa ikija imeliwa na madeni ya chama tusiyoyajua. Tangu 2023 malipo ya mnada wa Nairobi hupitia benki moja kwa moja, na kuna mfuko wa serikali wa kumpa mkulima malipo ya awali ya matunda. Mambo hayajanyooka yote, lakini nakubaliana na mleta mada kabisa. Jirani yangu alikata kahawa akauza ardhi kwa ploti, na bei ilikuwa nzuri mwaka huo. Alichoka kungoja.

Mto wa Minova

Miye niko Goma. Kwetu Kivu wakulima walikuwa wanavusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wengi walizama ziwani. Walibaki wajane wengi kule Idjwi na kando ya ziwa. Ushirika wa Sopacdi ulipoanza Minova mwaka 2003, jambo la kwanza watu walilotaka ni kuuza kahawa palepale nyumbani na kupata pesa bila kupanda mtumbwi. Ndivyo nilivyotaka kuchangia.

Kihamba Juu

Uzi huu nitaupeleka kwenye mkutano wetu wa chama mwezi ujao. Mleta mada, hizo daftari mbili za makadirio, zinaandikwa nini hasa? Naomba mfano, bila majina.

Mwana wa Kibanja

Mkuu, ukurasa mmoja kwa kaya. Juu: idadi ya mibuni inayozaa, na mavuno ya misimu mitatu iliyopita kama mkulima anavyokumbuka au kama stakabadhi zinavyoonyesha. Katikati: makadirio ya mwaka huu kwa kilo za maganda, kiasi kilichotolewa Februari, tarehe. Chini: bei ya chini, na maneno ya kufuata mnada. Pembeni kuna nafasi ya siku ya mizani, na hapo mkulima anasoma mizani mwenyewe na kuandika namba kwa mkono wake. Asiyejua kuandika anakuja na mtoto wa shule. Kuhusu unyevu, usikate kilo kwa kukisia. Kama chama hakina kipimo, kahawa irudi kichanjani siku mbili, ipimwe tena.

Nilikuwa nyumbani wiki iliyopita. Mtu wa butura alipita kwa shangazi asubuhi, akakaribishwa kiti na kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote. Akauliza. Shangazi aliingia ndani akatoka na daftari, akaufungua ukurasa wenye tarehe ya Februari, akamwekea mapajani asome. Alisoma, akamaliza kutafuna, akaaga.

Katibu, kama bado una nakala ya kile kipengele cha asilimia 60, naomba uniwekee hapa kwa Kiswahili. Mkutano wetu ni Jumamosi ya tarehe 14 na nataka kisomwe.